Njia ya kupita kwenye kinamasi cha mfinyanzi: anza na maji, mawe yatafuata

Masika yakikolea, ukipita vijijini kuanzia Mufindi hadi Rungwe utakutana na jambo lilelile. Njia ya kutoka barabarani kwenda nyumbani inakatiza bonde lenye udongo wa mfinyanzi, na kufikia Desemba imekuwa tope la kuvutia viatu. Mwenye nyumba anamwaga vipande vya matofali. Januari havionekani. Anaongeza tripu ya mawe, nayo Machi imeshamezwa. Wanafunzi wanapita pembeni, wanaipanua njia, na tope linaongezeka upana. Mwaka unaofuata anaanza tena palepale, na fedha yote aliyotumia iko chini ya ardhi, haimsaidii mtu.

Mawe hayana kosa. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya sehemu mbili za elfu moja za milimita, na maji yakishajaa kati yake zinateleza zenyewe kwa zenyewe. Udongo huohuo uliobeba lori Septemba hauwezi kubeba mbuzi Februari. Ukiweka mawe juu yake, kila hatua inayokanyagwa inalisukuma jiwe chini kidogo na kulipandisha tope kidogo kupitia mianya. Baada ya wiki chache vimebadilishana nafasi. Kwa hiyo kazi ziko tatu, na zifuatane hivi: kuyatoa maji, kuweka kitu cha kutenganisha tope na mawe, kisha kuweka uso wa kukanyagia. Watu wengi huanza na ya tatu na kuishia hapo. Ukiniuliza nguvu ziende wapi zaidi, nitakwambia nusu ya siku zako za kazi ziishie kwenye mifereji.

Kagua masika, jenga kiangazi

Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, ingawa upande wa Rungwe na Busokelo huchelewa kukatika. Ukaguzi ufanyike mvua inaponyesha. Vaa mabuti, chukua vijiti, uende ukatazame maji yenyewe. Yanaingia njiani kutoka wapi? Kuna yanayoshuka kutoka shamba la juu, kuna ya bati la nyumba, kuna ya chemchemi ndogo inayochuruzika ubavuni mwa bonde, na kuna yasiyotoka popote unapoona kwa sababu yanapanda kutoka chini. Chomeka kijiti kila mahali maji yanapoingia na kila mahali yanapotaka kutokea. Vijiti hivyo ndivyo ramani yako, kwani Septemba ardhi itakuwa imekauka na hutaona kitu.

Kazi yenyewe ifanye Agosti hadi Oktoba. Juni na Julai, hasa ukingoni mwa Mufindi na kule Makete, ukungu na manyunyu hayaruhusu tope kukauka vizuri, na mfinyanzi uliolowa haushindiliki hata uupige vipi. Unahama tu.

Kabla ya kununua chochote, fanya majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza: chukua bonge dogo, lilowanishe, lifinyange kati ya viganja uwe uzi mwembamba. Ukifikia unene wa njiti ya kiberiti bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Ukikatika mapema una mchanga wa kutosha, na kazi yako itakuwa nyepesi. La pili: Septemba chimba shimo la futi mbili katikati ya njia, lifunike, uliangalie kesho yake. Likiwa kavu, tatizo lako ni maji ya mvua tu, na mifereji peke yake itakupa sehemu kubwa ya suluhisho. Likiwa na maji yaliyotulia ndani, hicho ni kinamasi cha kweli, na hapo hutajenga juu ya ardhi, utajenga kitu cha kuelea. Hizi ni njia mbili tofauti na kila moja ina sehemu yake hapa chini.

Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Usangu kule Mbarali, uuangalie kwa jicho jingine. Unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na moramu, yaani udongo wa changarawe wa kutandaza njiani, hudondokea ndani ya nyufa kiangazi chote. Kwenye udongo huo tabaka la kutenganisha ni lazima hata kama shimo lako lilikuwa kavu.

Kuongea na wenzako kwanza

Mfereji unaoutoa mto mdogo wa maji kwako unaupeleka kwa mtu. Kabla hujachimba, nenda kwa jirani wa chini. Mwite kwa heshima yake, "Kamwene, Baba Neema, naomba twende wote ukaone maji yangu yatakapotokea," muende mkasimame mahali penyewe. Mara nyingi atakuonyesha kona nzuri kuliko uliyoifikiria, kwa sababu anayajua maji hayo tangu utotoni. Kama bonde lina vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, hii si adabu tu: ukikausha bonde zima kwa mfereji mrefu wa katikati, umewanyima watu mboga na mahindi ya kiangazi. Kusudio ni kukausha ukanda wa njia, basi.

Njia ikiwa ya watu wote, taarifa ifike serikali ya kijiji. Ikiwa inaungana na barabara inayosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, usiufukie mtaro wao wa kando. Omba ruhusa, weka kalavati. Na kama uko karibu na mto, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 za kingo shughuli zinazoweza kuharibu mto. Ofisi za maji za mabonde ya mito na maziwa zinaweza kukuelekeza. Ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu.

Kuna ushauri unaozunguka sana huku kwetu, kwamba panda milingoti (mikaratusi) bondeni itanyonya maji yote. Itanyonya kweli, na itaanza na chemchemi ya wenzako. Tafadhali usifanye hivyo.

Mstari wa njia na upana wake

Njia iliyozoeleka si lazima iwe ndiyo sahihi. Watu hukata bonde mahali pembamba kwa sababu ni karibu, kumbe hatua hamsini juu kuna ukingo ulioinuka kidogo na wenye nyasi za nchi kavu. Fuata mimea: palipo na matete na nyasi za majini, maji yako karibu, palipo na mabiwi ya nyasi ndefu za kawaida na vichaka, pana nafuu. Kuzunguka mita ishirini kwenye ardhi nzuri ni rahisi kuliko kujenga mita kumi kinamasini.

Upana wa sm 90 unamtosha mtu na mzigo kichwani. Toroli linataka mita 1.2. Bodaboda na mkokoteni vinataka mita 1.5, na hapo tabaka zote ziongezwe unene. Nitafanya hesabu zangu kwa mita 1.2, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya nyumba nyingi.

Kama una mpango wa kuvuta bomba la maji kupitia hapo, lilaze sasa. Ukija kuchimba baadaye utakata kila kitu ulichojenga.

Mifereji

Kuna mfereji mmoja unaozidi yote kwa faida: ule wa juu, unaoyakinga maji kabla hayajafika njiani. Uchimbe upande wa mlima, mita moja hadi mbili kutoka ukingo wa njia, kina sm 30 hadi 40, upana wa chini sm 30, kingo zake ziwe na mlalo. Ukingo uliosimama wima kwenye mfinyanzi utaporomoka mvua ya tatu na kuziba mfereji. Udongo unaotoka urushe upande wa njia, utauhitaji.

Mteremko wa mfereji upimwe, usikadiriwe kwa macho. Kwenye bonde macho hudanganya sana. Funga kamba ya mwashi kwenye vigingi viwili vilivyoachana mita 10, inyooshe kwa pima maji, kisha pima kutoka kwenye kamba hadi chini ya mfereji pande zote mbili. Upande wa kutokea uwe chini kwa sm 10 hadi 20. Ukipungua hapo maji yanatulia na matope yanalala ndani. Ukizidi sana, tuseme zaidi ya sm 40 kwa mita 10, maji yanapata mbio na kuchimba korongo. Hapo weka vizuizi vidogo vya mawe au vigingi ndani ya mfereji kila baada ya mita chache, na katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni ili maji yasizunguke na kula kingo.

Njia ikiwa kwenye mteremko, usiyaache maji yasafiri na mfereji umbali mrefu. Kila mita 20 hivi yatoe pembeni kwa mfereji mfupi unaoishia kwenye nyasi. Yakiishia kwenye nyasi yanatapakaa na kupoteza nguvu. Yakiishia kwenye udongo mtupu yanaanzisha korongo.

Mahali ambapo maji lazima yakatize njia, una chaguo mbili za bei nafuu. Kwa maji yanayochuruzika kidogo kidogo: chimba mtaro unaokatiza njia kwa mshazari, sm 30 kwa sm 40, tandika salfeti (kiroba cha plastiki iliyosukwa) ndani, jaza mawe ya ukubwa wa ngumi yasiyo na udongo, ikunje salfeti juu yake, kisha pitisha njia juu. Maji yatapenya kati ya mawe. Kwa maji mengi ya mvua kubwa: acha sehemu ya njia iwe chini kidogo kuliko pande zote, ipange kwa mawe makubwa yaliyosimamishwa kwa ubavu na kubanwa vizuri, maji yapite juu yake. Mtu atalowa viatu kwa saa moja na njia itabaki. Bomba dogo la plastiki huonekana suluhisho rahisi, lakini bomba la inchi nne huzibwa na majani ya msimu mmoja. Kama hupati la inchi sita au zaidi, kaa na mawe.

Mfereji wa pili, wa upande wa bonde, unaweza kuwa mdogo zaidi, na mahali pengine hutauhitaji kabisa.

Baada ya kuchimba, acha. Ukiweza kusubiri wiki mbili tatu kabla ya kuendelea, subiri. Utashangaa jinsi ardhi inavyobadilika ukiitolea maji, na pengine utagundua kwamba nusu ya urefu uliotaka kuujenga hauhitaji tena chochote zaidi ya moramu.

Shimo likiwa kavu: kuinua tuta

Kwenye mfinyanzi wa mvua tu, kwangua udongo wa juu wenye majani na mizizi, sm 10 hadi 15, uupeleke shambani, ni mbolea. Kisha tumia udongo wa mifereji kuinua tuta la njia. Vunja mabonge yawe madogo kuliko ngumi. Tandaza tabaka lisilozidi sm 10, shindilia, tandaza jingine. Uso wa tuta ukimaliza uwe juu ya sakafu ya mfereji kwa sm 30 au zaidi.

Unyevu wa udongo unaoshindilia ndiyo siri ya kazi nzima, nao hupimwa kwa mkono. Kamata udongo, uukaze ndani ya ngumi, ufungue. Ukibaki bonge lenye alama za vidole vyako, na ukilibonyeza kwa dole gumba linagawanyika vipande viwili au vitatu, anza kupiga. Ukimeguka wote kuwa vumbi, nyunyiza maji kwa ndoo yenye matundu na usubiri kidogo. Ukikuachia maji au kiganja kinachong'aa, umelowa mno, uache jua lifanye kazi.

Cha kushindilia hakinunuliwi. Kata gogo la mlingoti lenye kipenyo cha sm 15 hadi 20, urefu wa kifuani, pigilia mti wa kushikia ukikatiza juu. Linyanyue hadi usawa wa goti, liachie lianguke kwa uzito wake. Sauti itakwambia: mwanzoni ni butu na gogo linazama, baadaye inakuwa kali na gogo linaruka kidogo. Hapo sogea mbele.

Juu ya tuta hilo tandika salfeti zilizopasuliwa. Viroba vya mahindi, mbolea au sukari, vile vya plastiki iliyosukwa, vinafaa. Vya karatasi vya saruji havifai, vinaoza. Vipasue ubavuni na chini viwe kipande kipana, vitandaze vikilaliana sm 30, cha upande wa juu wa mteremko kikikilalia cha chini. Maji hupita kati ya nyuzi, tope halipiti, na mawe hayazami. Tabaka hili linatandikwa kama mkeka, bila makunyanzi, na likishatandikwa lifunikwe siku hiyohiyo. Jua la milimani huku lina makali, na plastiki ya salfeti ikiachwa wazi huanza kupukutika baada ya miezi michache. Ikifunikwa na udongo hudumu miaka mingi.

Shimo likiwa na maji: kuelea

Kinamasi cha kweli usikichimbe. Watu hujaribu kulitoa tope lote wafike kwenye ardhi ngumu, na wanachopata ni handaki linalojaa maji. Ule utando wa juu wa nyasi na mizizi ndio sehemu yenye nguvu kuliko zote katika kinamasi. Fyeka nyasi ziwe fupi, ziache hapohapo, na wafanyakazi wasikanyagekanyage ovyo. Ukiutoboa utando huo umepoteza msingi uliopewa bure.

Wazo la kuelea ni la zamani na limebeba mizigo mizito kuliko ya kwetu. Reli ya Liverpool hadi Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1830 huko Uingereza, ilikatiza kinamasi cha Chat Moss, na George Stephenson aliipitisha juu ya tabaka za matawi na miti iliyosukwa, mizigo ya treni ikielea juu ya tope. Njia ya toroli ni jambo dogo mbele ya hiyo.

Kwetu vifaa vipo. Tabaka la kwanza ni matita ya matawi: miwati, matawi ya milingoti, milanzi (mianzi). Funga matita ya unene wa sm 15 hadi 20, yalaze yakikatiza njia, yabanane, na yatokeze sm 30 kila upande kupita upana wa njia. Juu yake laza matita mengine kwa urefu wa njia. Karibu na Mafinga na Sao Hill mabanzi ya mbao hupatikana kwa bei ndogo, nayo hufaa kwa tabaka hili la pili; ya mlingoti hudumu kuliko ya msindano (paini). Unga wa mbao usiutumie hata kama wanautoa bure. Unanyonya maji, unaoza, unadidimia.

Swali ambalo huja haraka ni kama miti haitaoza. Inategemea imekaa wapi. Mti unaozama chini ya maji mwaka mzima haupati hewa, na bila hewa vijidudu vya kuozesha hufanya kazi polepole mno. Unaooza upesi ni ule unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Kwa hiyo matita yote yawe chini ya usawa wa maji ya kiangazi au yazikwe kabisa ndani ya tope, na chochote kilicho juu ya hapo kiwe udongo, mawe au viroba.

Baada ya matita yanakuja viroba vilivyojazwa. Wajapani wameiendeleza njia hii ya viroba, inaitwa do-nou, na imetumika kwenye barabara za vijijini nchini Kenya. Inavyofanya kazi ni hivi: mzigo ukikandamiza, kiroba kinataka kutanuka pembeni, nyuzi zake zinavutika na kuubana udongo uliomo, na udongo uliobanwa unakuwa mgumu kuliko ungekuwa peke yake. Ndiyo maana unaweza kukijaza hata udongo wa kawaida wa mlimani wenye changarawe, mradi si mfinyanzi mbichi.

Tumia viroba vya kilo 25. Weka ndoo moja na nusu ya lita 10 katika kila kimoja, kiasi kilekile bila kukosea, kwani vikitofautiana uso utakuwa na mabonde. Funga mdomo karibu na mwisho, uache nafasi ndani. Kiroba kilichoshiba hakilali. Vipange vikibanana, midomo ikikunjwa chini, shindilia hadi kila kimoja kiwe bapa chenye unene wa sm 10 hivi na upana wa sm 40. Kwa njia ya mita 1.2 hivyo ni vitatu kwa mstari, vinane hivi kwa mita moja. Mita kumi za kinamasi, tabaka mbili, ni viroba kama 150. Tabaka la pili lipangwe kama fundi anavyopanga tofali, maungio yasifuatane. Mianya ijaze moramu.

Upande wa Mbeya na Rungwe mna bahati ambayo Iringa hatuna: mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu. Mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe wa miaka kama 4000 iliyopita ulimwaga mawe hayo eneo kubwa, na kwa kazi ya kuelea uzito mdogo ni faida tupu. Yatumieni ndani ya viroba au chini ya moramu. Juu kabisa hayafai, yanasagika kwa miguu na magurudumu.

Uso wa njia

Hapa sitakaa sana. Moramu sm 15 kwa njia kavu, sm 10 juu ya viroba, zikishindiliwa kwa tabaka mbili. Moramu nzuri ina changarawe ngumu na udongo kidogo wa kuishikanisha; ilowanishe mkononi, ikikunatia vidole vyote ina mfinyanzi mwingi, ikidondoka yote haina kiungo. Katikati ya njia pawe juu kuliko kingo kwa sm 4, ili maji yasilale. Kwa urefu wa mita 30, mita 1.2 kwa sm 15 ni ujazo wa mita 5.4, ongeza robo kwa sababu hupungua ikishindiliwa, agiza mita za ujazo 7. Mwambie dereva ujazo huo, kwa maana "tripu" ya kila gari ni tofauti.

Vipande vya matofali ya kuchoma vinafaa tabaka la chini tu. Juu vinavunjika na kuwa utelezi mwekundu.

Sehemu fupi yenye shida sana, kama mlangoni au kwenye geti, unaweza kutibu mfinyanzi wenyewe kwa chokaa. Chokaa ya kuchoma iliyozimwa, inayotengenezwa hata huko Songwe, inaubadilisha mfinyanzi uache kunata. Kiasi ni kama asilimia 5 ya uzito wa udongo mkavu: kwa sm 15 za kina na upana wa mita 1.2, hiyo ni kilo 15 hivi kwa kila mita moja. Ponda udongo, changanya mpaka rangi iwe moja, nyunyiza maji, acha ulale hadi kesho, changanya tena, shindilia, funika na majani yenye unyevu kwa wiki moja. Vaa glavu na kinga ya macho, chokaa inaunguza. Usiuziwe chokaa ya kilimo kwa kazi hii. Hiyo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa, inasaidia mahindi lakini mfinyanzi haitaugusa.

Kingo na utunzaji

Novemba mvua za kwanza zikianza, panda vetiva au majani ya Gwatemala kwenye kingo za tuta. Panda ukingoni, usipande ndani ya mfereji.

Msimu wa kwanza njia itashuka hapa na pale. Ni kawaida, hasa penye matita, na ndiyo sababu uache rundo la moramu pembeni, toroli kumi hivi, lililofunikwa. Baada ya mvua kubwa za mwanzo pita na jembe saa ileile maji yanapotembea, fungua kila mahali yanapokwama. Zuia bodaboda na ng'ombe kwa msimu mzima kama umejenga kwa ajili ya miguu na toroli. Gogo moja lililokatizwa mlangoni linatosha. Mifereji isafishwe kabla ya Novemba na tena Februari. Kama njia ni ya kitongoji, hiyo ni nusu siku ya msaragambo.

Shimo likitokea, usimwage moramu juu ya maji. Yatoe maji, chimba kingo za shimo ziwe wima na pembe zake ziwe mraba hadi ufike kwenye udongo mgumu, angalia kama salfeti imepasuka na uweke kiraka kinachozidi tundu kwa sm 30 kila upande, kisha jaza kwa tabaka na kushindilia hadi pawe juu kidogo kuliko pembeni. Shimo likirudi palepale mara ya pili, acha moramu, fuata maji: juu ya hapo kuna mfereji uliokatika au chemchemi ambayo hukuichomekea kijiti.